Je, Nyota Mbili Zikikaribia Kuungana Tutajua Mapema?

Januari 2017, Larry Molnar, profesa wa astronomia katika Chuo cha Calvin, Michigan, Marekani, alitoa utabiri wa aina ambayo wenzake huikwepa, kwa kuwa ulikuwa na mwaka ndani yake. Nyota mbili zinazozungukana katika kundinyota la Cygnus, alisema, huenda zikaungana kuwa moja karibu na mwaka 2022. Mfumo huo, unaotambulika kwa namba ya orodha KIC 9832227, ni hafifu kiasi kwamba hauonekani bila darubini. Nyota zake zingeungana, mwangaza ungepanda takriban mara elfu kumi, na kwa muda fulani yeyote mwenye macho angeiona nyota pale ambapo jana yake hapakuwa na kitu.

Mwaka 2022 ulifika, ukapita, na Cygnus ikabaki ilivyo. Waliokuwa wakilifuatilia jambo hilo kwa karibu hawakushtuka, maana utabiri ulikuwa umeshafutwa tangu 2018. Haukufutwa kwa nadharia mpya wala kwa darubini kubwa zaidi. Uliangushwa na kipimo cha zamani cha mwaka 2003 kilichokuwa kimesahauliwa, na kosa la uchapaji katika makala ya mwaka 2004.

Ni rahisi kukicheka kisa hicho, lakini kinafungua swali zito. Mwangaza wa nyota mbili uliopimwa usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, unaweza kutuambia nini juu ya mwisho wake? Rekodi ya namna hiyo hugundua mambo madogo kuliko mtu anavyoweza kudhani. Lakini nguvu yake yote imo katika urefu wake na katika usahihi wa tarehe zake. Anayeisoma kwa kipande kifupi, au kwa kuegemea nukta moja ya zamani, anaweza kuona kifo mahali ambapo hakipo.

Kazi hii ina umri wa zaidi ya karne mbili, na mlango wake ulikuwa Algol, nyota ya pili kwa mwangaza katika kundinyota la Perseus. Mwitalia Geminiano Montanari alishaandika katika karne ya 17 kwamba mwangaza wa Algol hautulii. Aliyegundua utaratibu wake ni John Goodricke, kijana kiziwi wa mji wa York, Uingereza. Mwaka 1782, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kuilinganisha Algol na nyota za jirani kwa macho matupu, akiandika kila usiku ipi inaishinda ipi. Mwaka uliofuata aliliandikia Shirika la Kifalme la London kwamba kupungua kwa mwangaza kunajirudia kwa kipindi kisichobadilika, na akapendekeza kwamba huenda kuna mwili mkubwa wa giza unaopita mbele ya nyota hiyo. Alitunukiwa nishani ya Copley mwaka huohuo, 1783, na miaka mitatu baadaye akafariki akiwa na miaka 21. Uthibitisho ulichelewa hadi 1889, pale Hermann Vogel wa Potsdam, Ujerumani, alipochanganua nuru ya Algol na kuonyesha kwamba nyota hiyo kweli inatujia na kutuacha kwa zamu, kama inavyopaswa kufanya nyota inayozunguka na mwenzake.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuiona Algol mwenyewe. Usiku wa Desemba, saa tatu hadi saa nne, Kilimia hupanda juu upande wa kaskazini. Algol iko chini yake, kuelekea upeo wa macho. Mzunguko wake huchukua siku 2, saa 20 na dakika 49. Hizo ni siku tatu kamili ukitoa saa 3 na dakika 11, kwa hiyo kupatwa hurudi mapema kila mara. Nyota ikifika chini kabisa saa saba usiku wa leo, mara ijayo itafika saa nne kasoro dakika 11 usiku, na mara itakayofuata ni jioni, kabla giza halijakaza. Tukio zima, kuanzia kufifia hadi kurudi, huchukua takriban saa 10, na katikati yake Algol hubaki na chini ya theluthi moja ya nuru yake ya kawaida. Haihitaji kifaa chochote.

Nyota za Algol zina nafasi baina yao, ingawa ni ndogo. Umbali wao ni kama kilomita milioni 9, chini ya moja ya kumi na tano ya umbali wa Dunia na Jua. Ziko nyingine zilizosogeleana zaidi ya hapo, hadi zikagusana. Mfano wa aina hiyo ulitambuliwa mwaka 1903 na Gustav Müller na Paul Kempf, pia wa Potsdam: nyota W katika kundinyota la Dubu Mkubwa, inayojulikana kama W Ursae Majoris, inayokamilisha mzunguko kwa takriban saa 8 tu. Mwaka 1968 Leon Lucy alieleza maumbile ya kundi hili: viini viwili tofauti vimefunikwa na tabaka moja la nje la gesi. Ndiyo maana nyota hizo, hata moja ikiwa nzito mara kadhaa kuliko nyingine, zina joto la uso linalokaribiana, na grafu ya mwangaza wake hupanda na kushuka mfululizo bila kupumzika, ikiwa na mabonde mawili ambayo karibu yanalingana kwa kina.

Hizi ndizo nyota zinazotarajiwa kuungana siku moja. Upepo wa gesi unaotoka katika nyota zenye sumaku huondoka na sehemu ya nguvu ya mzunguko, obiti inabana, na kipindi kinafupika. Swali ni kama ubanaji huo unaweza kuonekana ndani ya maisha ya mwanadamu.

Hesabu inaonyesha kwamba inawezekana, na hapa ndipo uvumilivu unapolipa. Mfumo wa saa 8 huzunguka karibu mara 1,095 kwa mwaka. Mtu akikosea kipindi chake kwa sekunde moja tu, kosa hilo hujilimbikiza: baada ya miaka 10 kupatwa kutatokea saa 3 kabla au baada ya wakati uliotarajiwa. Geuza hesabu hiyo. Anayeweza kupima katikati ya kupatwa kwa usahihi wa dakika moja, jambo lililo ndani ya uwezo wa darubini ndogo ya nyumbani yenye kamera, akirudia kipimo baada ya miaka 10 atakuwa amekijua kipindi kwa usahihi wa sehemu tano hivi za elfu za sekunde. Hakuna darubini inayoweza kununua usahihi huo kwa usiku mmoja. Unapatikana kwa kungoja.

Wataalamu huweka matokeo hayo katika grafu rahisi. Kwa kila kupatwa hutoa wakati uliokokotolewa kutoka katika wakati ulioonekana, na tofauti hiyo huchorwa kufuata miaka. Nukta zikijipanga katika mstari wa kulala, kipindi ni kilekile na kilijulikana sawasawa. Mstari ulionyooka lakini umeinama maana yake ni kwamba kipindi hakibadiliki, ila kilikadiriwa vibaya tangu mwanzo. Mpinde unaoinukia juu unaonyesha kipindi kinachorefuka, na unaoshuka chini unaonyesha kinachofupika. Wimbi linalopanda na kushuka lina habari yake nyingine kabisa.

Shida ni kwamba kipande kifupi cha wimbi hufanana sana na mpinde.

Na mawimbi ni mengi. Chanzo cha kwanza ni nyota ya tatu. Ikiwapo, jozi nzima husogea mbele na nyuma kuizunguka, na nuru yake huwahi au huchelewa kutufikia kulingana na mahali ilipo. Ni njia ileile Ole Rømer aliyoitumia mwaka 1676 alipogundua, kwa kupima nyakati za kupatwa kwa mwezi Io wa Mshtarii, kwamba nuru huchukua muda kusafiri. Algol yenyewe ina nyota ya tatu, inayozunguka kwa muda wa siku 680 hivi. Kuhusu nyota zinazogusana, Theodor Pribulla na Slavek Rucinski walikadiria mwaka 2006 kwamba angalau nne kati ya kila kumi zina mwenza wa tatu. Kwa hiyo anayekutana na mpinde katika rekodi ya miaka sita au saba hana budi kwanza kujiuliza kama haoni sehemu ya wimbi la miaka thelathini.

Chanzo cha pili ni kuhama kwa gesi. Nyota nyepesi ikimwaga gesi juu ya nyota nzito, na hakuna kinachopotea njiani, obiti hutanuka na kipindi hurefuka. Ikiwa nzito ndiyo inayomwaga, obiti hubana. Cha tatu ni sumaku. Mwaka 1992 James Applegate alieleza jinsi mzunguko wa kisumaku, wa aina ya ule wa Jua wa miaka 11, unavyoweza kubadili kidogo umbo la nyota na hivyo kuchezesha kipindi juu na chini bila gesi yoyote kuhama. Cha nne ni madoa meusi juu ya uso wa nyota. Haya hayagusi obiti hata kidogo, lakini huinamisha bonde la mwangaza upande mmoja na kuhamisha mahali ambapo mpimaji anadhani ni katikati. Kwa bahati nzuri madoa hujisaliti: data za chombo cha anga Kepler zilionyesha kwamba katika mifumo mingi ya aina hii, bonde moja linapoonekana kuwahi, lile jingine huonekana kuchelewa. Nyota ya tatu haiwezi kufanya hivyo. Yenyewe huyasogeza mabonde yote mawili pamoja.

Katikati ya kelele zote hizo, upo mfumo mmoja ambao rekodi yake ilikuwa ya kifo kweli. Mwanzoni mwa Septemba 2008, waangalizi wa Japani na China waliripoti nyota mpya katika kundinyota la Nge. Ilipewa jina V1309 Scorpii na mwanzoni ikachukuliwa kuwa nova ya kawaida, yaani nyota inayong'aa ghafla kisha kufifia, lakini haikufuata tabia ya nova: badala ya kuzidi kuwa ya moto, ilipoa na kuwa nyekundu. Romuald Tylenda na wenzake nchini Poland wakaamua kurudi nyuma. Mradi wa OGLE wa Chuo Kikuu cha Warsaw, ulioanza mwaka 1992, ulikuwa ukipiga picha eneo hilohilo kutoka Las Campanas, Chile, kwa lengo tofauti kabisa: kutafuta dalili za maada isiyoonekana kupitia namna uvutano unavyokuza nuru ya nyota za nyuma. V1309 Scorpii ilikuwa imo ndani ya picha hizo tangu 2001, bila yeyote kuijali.

Walichokikuta, na kukichapisha mwaka 2011, ni kumbukumbu ya miaka ya mwisho ya jozi ya nyota. Kabla ya mlipuko, kitu hicho kilikuwa nyota mbili zinazogusana, zenye kipindi cha takriban siku 1.4. Mwaka hadi mwaka kipindi kilifupika, na ufupikaji wenyewe ukawa unaongeza kasi; kufikia 2008 kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya asilimia moja, kiwango kikubwa mno kwa nyota. Kingine ni umbo la grafu. Mwanzoni kila mzunguko ulikuwa na vilele viwili vya mwangaza vilivyokaribiana, kama ilivyo kawaida ya kundi hili. Baadaye kilele kimoja kikaanza kufifia, na kufikia 2007 grafu ilikuwa imebaki na kilele kimoja. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba gesi ilikuwa ikivuja kutoka upande wa nje wa mfumo, ikajizungusha kuwa wingu na kuziba sehemu ya nuru. Katika miezi ya mwanzo ya 2008 mwangaza ukaanza kupanda polepole, kisha ukaruka.

Mfano huu ndio uliompa Molnar kipimo cha kulinganishia. KIC 9832227 ina kipindi cha takriban saa 11. Kepler iliipima kuanzia 2009 hadi 2013, na timu ya Calvin ikaendelea kuipima kwa darubini yake. Nukta zilionyesha mpinde wa kushuka uliozidi kuwa mkali, sawa na ule wa V1309 Scorpii. Ili kuthibitisha, ilihitajika nukta ya zamani zaidi, na ikapatikana katika ukaguzi wa anga la kaskazini uliofanyika 1999. Nukta hiyo ilikaa mahali pake barabara, na hesabu ikatoa mwaka 2022.

Quintin Socia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego na wenzake waliupima utabiri huo kwa njia ambayo Molnar mwenyewe angependa: walitafuta kipimo kingine huru. Kabla Kepler haijarushwa, shirika la NASA lilikuwa na mradi wa majaribio uitwao Vulcan, na mwaka 2003 kamera yake ilikuwa imeelekezwa eneo hilo la Cygnus. Kupatwa kulikopimwa na Vulcan hakukukaa juu ya mpinde. Wakarudi kwenye data ghafi za 1999, wakaona kwamba wakati uliotumiwa kwa kupatwa kwa mwaka huo ulikuwa na kosa la karibu saa moja. Chanzo kilikuwa ni makala ya 2004 iliyoeleza data hizo: kosa la uchapaji lilikuwa limesogeza wakati kwa saa 12 kamili.

Kwa nini saa 12 zikawa kosa la saa moja? Kwa sababu kipindi cha mfumo wenyewe ni karibu saa 11. Ukichelewesha kupatwa kwa saa 12, umevuka mzunguko mzima na kubakiwa na saa moja. Kosa la saa 12 waziwazi lingeshtua kila mtu. La saa moja, lililojificha nyuma ya mzunguko kamili, lilifanana na ugunduzi.

Nusu siku ni mtego wa zamani katika fani hii. Wanaastronomia huhesabu siku kwa mfululizo mmoja, ambao siku yake huanza saa sita mchana kwa majira ya Greenwich, ili waangalizi wa Ulaya wasibadilishe tarehe katikati ya usiku wa kazi. Baadaye ukaanzishwa mfululizo mwingine uliofupishwa, unaoanza saa sita usiku. Aliyewahi kuwekeana miadi ya saa mbili na mgeni anayehesabu saa kwa Kizungu anaijua hatari hii: kila mmoja ana saa sahihi, na bado hawakutani. Juu ya hilo kuna masahihisho ya mahali Dunia ilipo. Nuru huchukua zaidi ya dakika 8 kutoka Jua hadi Dunia, kwa hiyo wakati wa kupatwa kwa nyota ileile unaweza kutofautiana kwa dakika 16 na ushei kati ya miezi sita na mingine, kabla mpimaji hajaurekebisha kana kwamba yuko kwenye Jua.

Kwa haki, mbinu ya Molnar haikuaibika. Alitoa utabiri unaoweza kupimwa, akaweka mwaka, na wengine wakaupima. Kilichobaki ni fumbo: timu ya Socia ilikiri kwamba kipindi cha KIC 9832227 kinabadilika kwa namna isiyo ya kawaida, na kwamba maelezo yake bado hayajapatikana.

Takwimu za makundi makubwa zinashauri tahadhari zaidi. Mwaka 2017 Paweł Pietrukowicz na wenzake walipitia zaidi ya mifumo 22,000 ya nyota zinazopatwana katika data za OGLE, wakitafuta V1309 Scorpii nyingine. Walipata kadhaa zenye mabadiliko makubwa ya kipindi. Lakini ziko ambazo kipindi kinafupika na ziko ambazo kinarefuka. Laiti ufupikaji ungekuwa dalili ya kifo peke yake, usingekuwa na pacha wake wa kurefuka. Mengi ya mabadiliko hayo, basi, ni ya kwenda na kurudi: sumaku, gesi inayohama, nyota ya tatu.

Kwa mtazamo huo, utabiri ujao utakaostahili kuaminiwa unapaswa kubeba mambo kadhaa kwa pamoja. Kipindi kifupike kwa kasi inayoongezeka, na mabonde yote mawili yasogee pamoja. Umbo la grafu nalo libadilike, kwa kuwa katika V1309 Scorpii ndilo lililoonyesha gesi ikitoka. Rekodi iwe ndefu kuliko mawimbi yanayoweza kuiga mpinde, na nukta za zamani zitoke katika vyanzo viwili au zaidi ambavyo havikunakiliana tarehe. KIC 9832227 ilikuwa na sharti la kwanza tu, nalo kwa msaada wa nukta yenye kosa.

Sharti la urefu ndilo gumu kuliko yote, maana halinunuliki leo. Hapo thamani ya kumbukumbu za kale inaonekana. Chuo Kikuu cha Harvard kina zaidi ya vioo vya picha za anga 400,000, vya kuanzia karne ya 19 hadi ya 20, ambavyo vimekuwa vikigeuzwa kuwa data za kompyuta. Huko Kraków, Poland, nyakati za kupatwa kwa nyota zimekusanywa kwa vizazi na kuchorwa katika atlasi. Shirika la Marekani la Waangalizi wa Nyota Badilifu, AAVSO, linakusanya makadirio ya wapenzi wa anga tangu 1911. Vyombo vya angani ni vikali lakini vinakaa muda mfupi: Kepler ililitazama eneo lake la Cygnus kwa miaka minne tu, na TESS, iliyorushwa 2018, huhama kutoka sehemu hadi sehemu ya anga.

Wingi hautakuwa tatizo tena. Orodha ya chombo cha Gaia iliyotolewa Juni 2022 ina zaidi ya mifumo milioni mbili inayodhaniwa kuwa ya nyota zinazopatwana, na kituo cha Vera Rubin huko Chile, kilichotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, kimekusudiwa kupiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10. Hata hivyo kamera ya Rubin imetengenezwa kwa ajili ya vitu hafifu. Nyota angavu huijaza nuru kupita kiwango chake na haziwezi kupimwa humo, na Algol pamoja na W Ursae Majoris ni miongoni mwa angavu hizo. Mifumo tuliyo na rekodi zake ndefu kuliko yote itaendelea kutegemea darubini ndogo za vyuoni na nyumbani, na watu wanaoandika tarehe bila kukosea nusu siku.